Robo Saa ya Mtoto Asiyeanza Shule

Serikali yoyote inayowajali watu wake hujipima kwa hesabu. Huhesabu madawati, huhesabu visima, huhesabu chanjo zilizotolewa na akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya. Hesabu hizo ni za haki, na hapana kiongozi anayestahili jina hilo atakayezidharau. Lakini iko bidhaa moja ambayo haijapata kuandikwa katika daftari la ghala lolote, wala haipitishwi katika makadirio ya wizara yoyote, ingawa upungufu wake unalitia taifa hasara mwaka hata mwaka. Bidhaa hiyo ni muda: muda ambao mtu mzima mmoja, awe baba, mama, bibi au babu, humpa mtoto mmoja ambaye bado hajaanza shule, akakaa naye peke yake, akamsikiliza, akacheza naye na kuzungumza naye kama mtu anavyozungumza na mtu.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la ndani ya nyumba, na kwamba gazeti na Chama havina kazi ukumbini mwa watu. Hatukubaliani nao. Mwaka 1972, TANU ilipokutana Iringa na kutamka kwamba siasa ni kilimo, maana yake ilikuwa wazi: kile kinachoamua kama mwananchi atashiba au atalala na njaa hakiwezi kuwekwa nje ya siasa. Kwa kipimo hicho hicho, kile kinachoamua kama mtoto wa mkulima ataingia darasani akiwa na ulimi mwepesi na akili iliyochangamka, au ataingia akiwa amezibwa mdomo na woga, nacho kinatuhusu sote. Tofauti ni kwamba shamba hili lina msimu mmoja tu. Masika yake yakipita, hakuna vuli ya kufidia.

BASHAY NA VISIWA VYETU

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Bashay, na msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza kwa nini. Bashay iko wilayani Mbulu, katika Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya miinuko na baridi, mbali na bahari, jirani na Wilaya ya Hanang yenye mlima wa jina hilo unaozidi meta 3,400. Wenyeji wengi wa Mbulu ni Wairaqw, wakulima wa mahindi na maharage na wafugaji wa ng'ombe na kondoo. Majirani zao ni Wadatoga na, katika bonde la Yaeda, Wahadzabe. Bashay yenyewe inajulikana kwa vitunguu saumu. Huko hakuna mnazi wala mkarafuu. Na hiyo ndiyo sababu ya kupachagua: tukiona kwamba mtoto wa huko na mtoto wa Makunduchi au wa Wete wana haja moja, tutakuwa tumejua kwamba haja hiyo ni ya binadamu, wala haikuletwa na desturi za mahali au mambo mapya ya mjini.

Tuitazame siku ya mama wa huko. Huamka kabla ya mapambazuko, akawasha moto, akakamua, akateka maji, akawaandaa wanaokwenda shule, kisha akashika njia ya shamba. Msimu wa kupanda hana mchana. Msimu wa kupalilia mgongo haunyooki. Wakati wa kuvuna hulala akiwaza magunia na walanguzi. Baba naye yuko na mifugo, au mnadani, au kibaruani. Jioni kuna kuni, kuna ugali wa watu wengi, na giza likiingia watu wamechoka. Katika mzunguko huo wote yumo mtoto wa miaka 3 au 4. Ameshaacha mgongo wa mama, lakini hajapata dawati. Anawafuata wakubwa huku na huko, anaambiwa asogee, anaambiwa alete, anaambiwa aache. Kutwa nzima amesemeshwa maneno mengi, na karibu yote yalikuwa amri.

Mtoto huyo hayuko peke yake, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Huonekana yuko katikati ya kaya iliyojaa, ana ndugu, ana jirani, ana mbuzi na kuku wa kumkimbiza. Lakini kuwa katikati ya watu ni jambo moja, na kuwa na mtu ni jambo jingine. Mtoto aliye katikati ya watu huangaliwa asiungue, asipotee, asiumwe na nyoka. Mtoto aliye na mtu huulizwa ameona nini, na jibu lake husubiriwa. Ulinzi ule wa kwanza humhifadhi uhai wake, na hatuuchezei. Lakini ni huu wa pili unaomfundisha kwamba maneno yake yana uzito, na mtu asiyelijua hilo akiwa mdogo huwa vigumu kumfanya alijue akiwa mkubwa, hata ukimpa kura na kipaza sauti.

Tunajua hoja itakayotolewa hapa. Tutaambiwa kwamba Mwafrika hulelewa na ukoo mzima, na kwamba habari za mzazi mmoja kujitenga na mtoto mmoja ni za watu wanaoishi katika nyumba za ghorofa wasiojuana na jirani. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo tunaiheshimu. Wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, kupitia Wahadzabe, imewafundisha wataalamu wa dunia somo kubwa juu ya bibi. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi wakaona jinsi wanawake wazee wanavyochimba mizizi kwa bidii inayowashinda wasichana, na jinsi chakula hicho kinavyowafikia wajukuu hasa pale mama anapokuwa na mtoto mchanga. Kutokana na kazi hiyo ikazuka nadharia inayojadiliwa hadi leo vyuoni, kwamba bibi ni miongoni mwa sababu za binadamu kuwa binadamu.

Lakini bibi huyo hakuwa mlinzi wa kundi tu. Alikuwa na mjukuu wake. Alimwita kando, akamtegea kitendawili, akamtania kwa utani ule ambao baina ya babu, bibi na mjukuu hauna adabu iliyovunjwa. Katika mila zetu, Bara na Visiwani, mtoto alilelewa na wengi, na miongoni mwa hao wengi alikuwapo mmoja au wawili aliowahesabu kuwa ni wake. Anayeitetea mila kwa kuutaja umati na kumsahau huyo mmoja ameishika mila kwa mkia.

Isitoshe, ule ukoo mzima tunaoutaja umepungua, na umepungua kwa sababu nyingine zilizo njema. Zamani dada wa miaka 9 au 10 ndiye aliyembeba mdogo wake, akamwimbia na kumjibu maswali yake mia kwa siku. Leo dada huyo yuko darasani, na hapo ndipo pahali pake. Hapa Zanzibar elimu ilitangazwa kuwa ya bure tarehe 23 Septemba 1964. Bara, ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha 4. Ni ushindi ambao hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kuurudisha nyuma. Lakini kila ushindi huacha kazi mpya. Tulipompeleka mlezi mdogo shuleni, hatukuuliza ni nani atakayezungumza na yule aliyebaki nyumbani. Bibi naye mara nyingi amebaki kijiji kingine, wakati wazazi vijana wamefuata ardhi, biashara au ajira. Nafasi imebaki wazi, na nafasi iliyo wazi siku hizi hujazwa na simu, ambayo humnyamazisha mtoto kwa bei rahisi na haimsikilizi hata kidogo.

HAYDOM NA JAMAIKA

Katika wilaya hiyo hiyo ya Mbulu iko Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilianzishwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka 2009, Haydom ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la MAL-ED, pamoja na vituo vya Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil, Peru na Afrika Kusini. Watoto walifuatwa tangu kuzaliwa, nyumba kwa nyumba, ili kujua uhusiano wa chakula, maradhi ya kuhara na makuzi. Watafiti hao hawakupima urefu na uzito peke yake. Walipima pia makuzi ya akili, na wakaiangalia hali ya nyumba anamokulia mtoto. Kwa hiyo watu wa Mbulu wameshiriki katika kuifundisha dunia jambo ambalo sisi wenyewe tusingependa lipite masikioni mwetu bila kuingia.

Udumavu bado ni adui mkubwa wa nchi yetu. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Tumesonga mbele, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Na mtu anapoziona tarakimu hizo, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye uji, maziwa na mboga za majani. Ni sawa, na ziende huko. Lakini kuna ushahidi kutoka kisiwa kingine, mbali na hapa, ambao kila ofisa anayeshughulikia watoto anapaswa kuujua.

Mjini Kingston, nchini Jamaika, katikati ya miaka ya 1980, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya wanyonge. Waliwagawa katika mafungu 4. Fungu moja lilipewa maziwa ya unga kila wiki. Fungu la pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya, saa moja kwa wiki, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa vya nyumbani. Fungu la tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata chochote kati ya hivyo. Kazi hiyo ilidumu miaka 2. Kisha watoto hao wakafuatiliwa hadi utu uzima. Faida ya maziwa haikudumu. Faida ya mchezo na mazungumzo ilidumu: walipofikia umri wa miaka kama 22, wale ambao mama zao walitembelewa na kufundishwa kucheza nao walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Asitokee mtu akasema gazeti hili limeandika kwamba watoto hawahitaji maziwa. Mtoto mwenye njaa hachezi. Tunachosema ni kwamba ghala likijaa maziwa na nyumba ikabaki kimya, kazi imefanyika nusu. Watoto wa Kingston walikuwa wadogo kidogo kuliko hawa tunaowazungumzia, lakini akili ya mtoto haifungi mlango siku anapotimiza miaka 2. Kati ya miaka 3 na 5 ndipo anapojenga sentensi, anapouliza kwa nini, anapoanza kutofautisha la kweli na la kubuni, na anapojifunza kuizuia hasira yake. Mambo hayo hayafundishwi kwa tangazo la mkutano. Hufundishwa baina ya wawili.

ROBO SAA HUTOKA WAPI

Sasa tuje kwenye vitendo, maana nasaha isiyotekelezeka ni kelele. Hatumwambii mama wa Bashay aache palizi. Tunasema robo saa kwa siku, dakika 15, na masharti yake ni machache. Awe mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Wakati huo uwe na jina na uwe na pahali pake katika siku, ili mtoto aungoje na aujue kuwa ni wake. Mchezo auchague mtoto, na mkubwa amfuate. Simu na redio vinyamaze. Tena mkubwa asigeuze robo saa hiyo kuwa mtihani wa rangi na tarakimu, wala kuwa baraza la kumhukumu kwa chombo alichovunja asubuhi. Mashauri ya chombo yana wakati wake.

Mpango wa namna hii haukubuniwa na sisi. Umo katika mafunzo ya malezi yanayoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, yaliyoanza kutayarishwa Afrika Kusini mwaka 2012, na mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19 watu walipokuwa wamefungiwa majumbani, shauri la kumtengea mtoto wakati wake peke yake lilikuwa miongoni mwa mashauri ya mwanzo kabisa yaliyosambazwa duniani kwa lugha nyingi. Waliofundisha wazazi waliona jambo ambalo bibi zetu walilijua: mtoto ana njaa ya kuangaliwa, na asipoangaliwa kwa wema atatafuta kuangaliwa kwa ubaya. Atamwaga maji, atampiga mdogo wake, maana kofi nalo ni aina ya kujibiwa. Ukimlisha njaa hiyo mapema, ugomvi mwingi wa jioni hupungua, na mkono wa mzazi hauna sababu ya kuinuka.

Robo saa hiyo mara nyingi haihitaji kutolewa nje ya kazi. Kitunguu saumu hakipandwi kizima. Huvunjwa kwanza, punje zikatenganishwa, kisha kila punje ikapandwa ncha yake ikitazama juu. Hebu mama amweke mtoto mmoja mbele yake na rundo dogo la punje. Atenge kubwa na ndogo, atafute ncha iko wapi, aulize kwa nini isipandwe kichwa chini, na mama amwachie akapande chache kichwa chini aone. Azungumze naye Kiiraqw, lugha aliyonyonya nayo, kwani mtoto aliyezoea kueleza mambo kwa lugha ya mama yake hukifikia Kiswahili cha shuleni akiwa na jambo la kusema.

Msomaji wa Pemba ameshatambua kwamba tunamzungumzia yeye. Rundo la karafuu linalochambuliwa usiku, konyo zikawekwa huku na karafuu kule, ni darasa lile lile. Mama wa Paje au Jambiani, ambako wanawake wamekuwa wakilima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989, yeye anaongozwa na mwezi. Wakati wa bamvua maji yakitoka hana budi ateremke pwani, lakini maji mafu humrudishia saa zake, na ni vyema sehemu ya saa hizo iwe na jina la mtoto. Mvuvi aliyekwenda dago majuma mawili hawezi kutoa robo saa kila siku. Basi atakaporudi, kabla hajakaa barazani kusimulia habari za samaki, amsimulie kwanza mwanawe, na yeye asikilize habari za nyumbani kutoka kinywa hicho kidogo. Nyumba yenye watoto watano wagawiwe siku, na hakuna atakayelala na kinyongo akijua kesho ni zamu yake.

BABA ASIJIFICHE

Tumetaja mama mara nyingi, na hili lisiwape akina baba pahali pa kujificha. Kuna fikra kwamba baba ni wa chakula, ada na fimbo, na kwamba kukaa chini na mtoto wa miaka 4 humpunguzia heshima. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita shuleni tunajua kwamba fikra hiyo haina mizizi katika dini. Katika Sura ya Luqman, anayezungumza na mwanawe ni baba, naye anamwita kwa neno la mahaba anapomnasihi. Na iko habari mashuhuri ya Akraa bin Habis, aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema kwa fahari kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa, juu ya asiyehurumia, wasomaji wetu wengi wanalijua kwa moyo. Anayetaka kujivunia ukali wake kwa watoto achague kwanza anasimama upande wa nani katika kisa hicho.

Huko Mbulu baba mfugaji ana nafasi ambayo mkuu wa idara mjini angeitamani. Jioni ng'ombe wanaporudi, mtoto hupenda kusimama langoni kuwahesabu, kuwataja kwa rangi zao na kuuliza yule mweusi amechelewa wapi. Baba akisimama naye dakika hizo, akamwachia ataje yeye, atakuwa amempa hesabu, lugha, urithi na upendo kwa pamoja, na ng'ombe watakuwa wamekwisha ingia.

WAJIBU WA SERIKALI NA WA MAOFISA

Tukiishia hapo tutakuwa tumewahutubia wanyonge na kuwasamehe wakubwa. Muda wa mzazi hauko mikononi mwake peke yake. Mama anayekwenda mbali kuteka maji ameporwa robo saa yake kabla hajaamka, na hakuna semina ya malezi itakayomrudishia. Bomba likifika karibu na nyumba yake, limeleta maji na limeleta muda. Kliniki yenye foleni ya kutwa hula muda. Mkutano ulioitishwa saa 3 asubuhi na kufunguliwa saa 6 kwa sababu mgeni rasmi amechelewa umewanyang'anya wazazi mia mbili saa tatu kila mmoja, na hakuna aliyeulizwa. Tungependa kuona mipango ya maendeleo ya kata na shehia ikipimwa pia kwa swali hili: je, itampunguzia mama wa mtoto mdogo saa ngapi?

Nchi yetu haianzi upya katika jambo hili. Katika zama za vijiji vya ujamaa, vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa ni fahari ya vijiji vingi, na mwaka 1981 Bunge likavitungia sheria, Sheria Namba 17 ya mwaka huo. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar nayo ikatunga yake mwaka 2011. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo 5: afya njema, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Desemba 2021, mjini Dodoma, Serikali ya Muungano ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 8, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Maandishi mazuri tunayo. Hofu yetu ni kwamba katika nguzo hizo 5, nne zina vitu vya kununuliwa, kuhesabiwa na kukaguliwa, na ile ya malezi yenye mwitikio haina risiti. Kwa hiyo ndiyo itakayoachwa nyuma, isipokuwa kama maofisa wataishika kwa makusudi.

Kuna mambo yanayowezekana bila kungoja wafadhili. Mhudumu wa afya wa jamii anayeingia katika nyumba ya Bashay au ya Micheweni kuuliza habari za chandarua na uji anaweza kubaki dakika kumi zaidi, akaomba kikopo na kitambaa, akaonyesha namna ya kucheza. Afisa lishe anaweza kumaliza somo la uji kwa somo la mazungumzo. Waajiri wanaweza kukumbuka kwamba sheria ya kazi ya Bara ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku zisizopungua 3, na kwamba hicho ni kima cha chini ambacho hakuna aliyekatazwa kukizidisha. Kwa mtoto mwenye umri wa miaka 4 haimo likizo ya aina hiyo kabisa. Ila kuna saa ya kutoka kazini, na mkuu wa ofisi anayeiheshimu saa hiyo anajenga taifa kwa kufunga mlango.

Tunamgeukia sasa ofisa mwenyewe, na kada mwenzetu. Ofisi za Serikali hufungwa alasiri. Jua likitua wengi wetu bado tuko njiani, barazani, katika vikao visivyo rasmi vya kupanga vikao rasmi. Tunarudi mtoto amelala, tunamfunika shuka, tunajihesabu kuwa tumemwona. Asubuhi tunasimama jukwaani kuwahimiza wakulima juu ya malezi. Mwananchi ana macho. Mama wa Bashay anayetoka shambani na tope miguuni hatashawishika na mtu ambaye mwanawe humwona katika picha za magazeti zaidi ya anavyomwona nyumbani.

Hatuna maneno ya kumlaumu mzazi aliyezidiwa, mjane anayelea peke yake, au bibi aliyeachiwa wajukuu sita. Kwao jirani na jamaa wana wajibu, na ule ukoo mzima tunaoutaja kwa majivuno ndipo mahali pake pa kujionyesha: jirani mmoja amwite mtoto mmoja, amkalishe kwenye jamvi, amuulize ameona nini leo. Haihitaji kibali cha mtu.

Wahenga walituasa kwamba udongo uupate ungali maji. Wakati huu tunapoandika, Bashay na Makunduchi, Haydom na Wete, yuko mtoto amesimama karibu na mkubwa mwenye shughuli, ana jambo anataka kulisema. Kati ya sasa na kulala kwake kuna nafasi ya dakika 15. Watendaji wa kata na masheha waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, na mkutano huo ufunguliwe kwa wakati. Na msomaji aliyelifikia neno hili la mwisho alikunje gazeti, lisubiri. Aende akasikilize.